Maziwa ya Mama kutoka Undugu hadi Seli: Historia ya Maarifa na Majina Yake

Utangulizi

Emali ni mji mdogo wa Makueni ulio kwenye barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, pale inapochipuka njia ya kwenda Loitokitok. Reli ya zamani ilipita hapo mwishoni mwa karne ya 19, na reli mpya ikaweka kituo chake hapo mwaka wa 2017. Wenyeji ni Wakamba. Wamaasai wako jirani, upande wa Kajiado, na mnada wa mifugo huwakutanisha. Katika soko hilo moja kitu kimoja kina majina matatu. Mkamba hukiita iia, Mmaasai hukiita kule, nao wote wawili wanapouziana au wanapompeleka mtoto zahanati hukiita maziwa.

Jina hili la tatu lastahili kutazamwa. Ziwa katika Kiswahili ni titi, na ziwa pia ni maji mengi yaliyokusanyika mahali pamoja. Maziwa ni wingi wa yote mawili, tena ndicho kinywaji chenyewe. Kikuyu nacho, ambacho ni ndugu wa karibu wa Kikamba, hutumia neno moja, iria, kwa maziwa na kwa ziwa la maji. Basi lugha hizi zilikwisha kuyaona maziwa kuwa bwawa lenye mengi ndani yake, zamani kabla ya hadubini kuonyesha yaliyomo.

Makala haya yanafuata historia ya yale ambayo watu wa Afrika Mashariki, na wataalamu wa nchi nyingine, waliyaona ndani ya maziwa ya mama: kwanza undugu, kisha chakula, kisha hatari, na hatimaye seli ambazo zimedaiwa kuweza kugeuzwa kuwa neva. Hoja inayotetewa ni kwamba katika kila kipindi jina lilikwenda sambamba na dai. Maziwa yalipobadilishwa jina, mama naye aliombwa kitu kingine. Kwa hiyo suala la istilahi, ambalo mara nyingi huachiwa kamati za kamusi, ni sehemu ya historia ya haki ya mama huyo.

Maziwa kama undugu

Katika miji ya Waswahili, tangu Lamu hadi Kilwa, kunyonya kulifanya ukoo. Mtoto aliyenyonyeshwa na mwanamke asiyemzaa alimpata mama wa kunyonya, na watoto wa mwanamke huyo wakawa ndugu zake wa kunyonya. Msingi wa jambo hili ni sheria ya Kiislamu. Surat An-Nisaa, katika aya ya 23, inawataja mama na dada wa kunyonya miongoni mwa wale ambao ni haramu kuoana nao. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi pwani, waliweka masharti: mtoto awe hajapita miaka miwili, na awe amenyonya si chini ya mara tano. Kwa sharti hilo la hesabu, kunyonyesha hakukuwa jambo la kusahauliwa. Ilipasa wazee wajue nani kamnyonyesha nani, wapate kulizuia posa lisilofaa.

Maneno ya Kiswahili yamehifadhi fikra hiyo. Watu waliolelewa kwa titi moja husemwa kuwa wamenyonya ziwa moja. Kumkatiza mtoto kunyonya ni kumwachisha ziwa, yaani kumtenga na mahali, wala si kumnyima kinywaji tu. Maziwa mazito ya siku za mwanzo yana jina lake mbali, dang'a. Na methali mashuhuri inayosifu utamu wa titi la mama, hata awe nani, imekuwa hoja ya watetezi wa lugha ya Kiswahili wenyewe: lugha ya mtu hufananishwa na titi alilolinyonya. Katika maneno yote hayo maziwa hayatengwi na mtoaji. Hakuna maziwa yasiyo na mwenyewe.

Maziwa kama chakula

Lugha ya pili ililetwa na udaktari wa kikoloni. Mwaka wa 1933 daktari Cicely Williams, akifanya kazi Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, alieleza ugonjwa wa watoto waliovimba miguu. Miaka miwili baadaye aliuandika kwa jina ambalo akina mama wa Kiga walikuwa wakiutumia: kwashiorkor. Jina hilo lahusu mtoto aliyeondolewa titini kwa kuwa mdogo wake amezaliwa. Ndani ya neno moja mlikuwa na chanzo cha ugonjwa, na madaktari wa Ulaya walichukua muda mrefu kukubaliana juu ya kile ambacho mama wa Kiga alikwisha kukitaja. Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na baadaye Uganda, alikuwa miongoni mwa waliouchunguza ugonjwa huo Afrika Mashariki, na mwaka wa 1954 yeye na wenzake wakatoa kitabu kizima juu yake.

Tangu hapo maziwa ya mama yakawa protini, mafuta na sukari. Mabadiliko hayo yalileta faida kubwa, kwa maana watoto waliokuwa wakifa walianza kutibiwa kwa chakula. Lakini yalifungua pia mlango mwingine. Kama maziwa ni chakula tu, basi chakula kingine chaweza kushika mahali pake. Na maziwa ya kopo yakaingia mijini kwa matangazo. Derrick Jelliffe, aliyekuwa profesa wa magonjwa ya watoto huko Makerere katika miaka ya 1960, alikuwa kati ya waliopiga kelele mapema kwamba biashara hiyo ilikuwa ikizalisha utapiamlo. Mabishano hayo yaliishia katika kanuni ya kimataifa iliyopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwezi Mei 1981, na Kenya ikatunga sheria yake juu ya mbadala wa maziwa ya mama mwaka wa 2012.

Ukambani nako kulipimwa. Wakati huo Emali na Makueni yote vilikuwa ndani ya Wilaya ya Machakos. Makueni haikuwa wilaya peke yake mpaka mwaka wa 1992. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kituo cha utafiti wa tiba cha Nairobi kilichokuwa tawi la Taasisi ya Kifalme ya Nchi za Joto ya Amsterdam kilifuatilia afya ya mama na mtoto katika sehemu za Matungulu na Mbiuni, kaskazini ya wilaya hiyo. Matokeo yalikusanywa katika kitabu kilichohaririwa na J. K. van Ginneken na A. S. Muller na kuchapishwa mwaka wa 1984. Miongoni mwa kazi zao ilikuwa kupima kiasi cha maziwa anachokipata mtoto: mtoto hutiwa katika mizani kabla ya kunyonya, akatiwa tena baada ya kunyonya, na tofauti ya uzito ndiyo maziwa. Ni njia sahili na ya haki. Hata hivyo yaonyesha vizuri fikra ya kipindi kile. Maziwa yalikuwa gramu. Kilichokuwa hai ndani yake, kama kilikuwapo, hakikuingia katika mizani.

Maziwa kama hatari

Kwamba mna vitu hai ndani yake lilikuwa jambo la zamani kwa wenye hadubini. Mfaransa Alfred Donné alieleza chembe zilizomo katika dang'a mwaka wa 1837. Chembe hizo zilikaa muda mrefu bila kupewa maana kubwa, hata mwaka wa 1968 Smith na Goldman, huko Marekani, walipoonyesha kuwa seli za dang'a ni hai, na kwamba nyingi kati yake ni za jamii ya zile zinazoukinga mwili. Maziwa yakaanza kuonekana upya: mama hampi mtoto lishe tu, humpelekea na askari.

Lakini Afrika Mashariki ilizijua seli hizo kwa njia ya msiba. Virusi vya UKIMWI vilipoenea ilidhihirika kwamba vyaweza kupita katika maziwa. Jijini Nairobi, kati ya mwaka wa 1992 na 1998, Ruth Nduati wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake waliwafuatilia wanawake 425 wenye virusi hivyo, wakiwa wamegawanywa kwa kura: baadhi wanyonyeshe, wengine watumie maziwa ya kopo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2000 yalikuwa mazito. Walipofikia miezi 24, asilimia 36.7 ya watoto wa kundi la kunyonya walikuwa wameambukizwa, na asilimia 20.5 ya wale wa kundi la kopo. Hata hivyo vifo vya makundi mawili hayo havikutofautiana sana: asilimia 24.4 kwa 20.0. Titi liliweza kuua, na kopo nalo liliweza kuua.

Maziwa ya wanawake wa Nairobi yalichunguzwa zaidi, na mwaka wa 2004 ikaripotiwa kwamba kadiri seli zenye virusi zilivyokuwa nyingi katika maziwa, ndivyo hatari ya mtoto kuambukizwa ilivyozidi. Hapa pana jambo ambalo historia ya sayansi haipaswi kulipita. Miaka kadhaa kabla ya maabara za ng'ambo kutangaza kuwa seli za maziwa zina ahadi ya tiba, wanawake wa Kenya walikwisha kutoa maziwa yao ili seli hizo zihesabiwe kwa sababu ya maradhi. Mwaka wa 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mama mwenye virusi aweza kunyonyesha iwapo yeye au mtoto anapata dawa. Hofu ilipungua, lakini neno lilikuwa limekwisha kuingia majumbani: maziwa hupimwa, maziwa yaweza kuwa na kitu.

Maziwa kama mbegu

Mwaka wa 2007 Mark Cregan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Western Australia, mjini Perth, waliandika kuwa katika maziwa ya mama wameona seli zenye protini iitwayo nestini. Protini hiyo ilikuwa imejulikana tangu mwaka wa 1990 kuwa alama ya seli changa za mfumo wa neva. Seli za namna hiyo ndizo ziitwazo seli shina: hazijachagua kazi, na zikigawanyika zaweza kutoa nyingine kama zenyewe au seli zenye kazi maalumu. Mwaka wa 2010 watafiti wa India nao wakaripoti seli shina katika maziwa. Mwaka wa 2012 Foteini Hassiotou, akiwa na Peter Hartmann na wenzao huko huko Perth, alieleza kwamba seli za maziwa ziliweza kuongozwa maabarani zifanane na seli za viungo mbalimbali, zikiwemo za neva. Na mwaka wa 2014 watafiti wa Iran wakashughulikia neva hasa.

Kazi yenyewe yaweza kuelezwa kwa maneno ya kawaida. Maziwa mabichi hutiwa katika mashine inayozunguka kwa kasi. Mafuta huelea, na seli hutua chini kama machicha. Machicha hayo husafishwa na kuwekwa katika sahani yenye maji ya lishe, ndani ya kabati lenye joto la mwili. Zile zinazoshika huongezeka. Kisha maji hubadilishwa, na kutiwa vichocheo ambavyo vinajulikana kuzielekeza seli katika njia ya neva. Seli hukusanyika kuwa vifundo vya duara. Baadaye nyingine hutoa mikia mirefu, na zikipakwa rangi maalumu huonyesha protini za neva na za seli zinazozihudumia neva. Hayo ndiyo yaliyoonekana, nayo yalionekana katika sahani.

Je, hutokea hivyo ndani ya mtoto? Mwaka wa 2018 watafiti wa Uturuki waliripoti juu ya panya. Watoto wa panya walinyonyeshwa na panya ambao seli zao zilikuwa zimetiwa alama ya kung'aa, na baadaye seli zenye alama hiyo zikaonekana katika ubongo wa wale watoto. Huko Cologne, Ujerumani, mwaka wa 2019, madaktari walieleza jinsi walivyowatilia puani matone ya maziwa mabichi ya mama zao watoto njiti waliovuja damu ubongoni. Watoto walikuwa wachache, na matokeo hayakutosha kuthibitisha kuwa maziwa hayo ndiyo yaliyowafaa. Kisha mwaka wa 2022 zikachapishwa tafiti zilizochambua seli za maziwa moja baada ya moja. Nyingi zilikutwa kuwa ni za tezi zinazotengeneza maziwa, pamoja na zile za kinga, na shaka ikaingia kuhusu wingi wa seli shina, hata kuwapo kwake kwa maana iliyodaiwa mwanzoni. Mjadala haujafungwa.

Tatizo la majina

Sasa na ichukuliwe kwamba habari hii inapaswa kuelezwa Emali, kwa Kiswahili, kwa mama ambaye anaombwa maziwa yake kwa utafiti. Maneno yaliyopo ni haya.

La kwanza ni seli. Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka wa 1990 imelisanifisha, na wanafunzi wamelizoea. Lakini kwa Mkenya asiyepita darasa la biolojia, seli ni chumba cha mahabusu katika kituo cha polisi. Neno chembe hai, ambalo wengine hulipendelea, ni refu kidogo ila linajieleza lenyewe.

La pili ni shina. Neno hili ni tafsiri ya moja kwa moja, lakini limebahatika. Shina katika Kiswahili ndipo matawi yanapotokea. Pia ni asili ya ukoo. Na katika siasa ya Tanzania ni ngazi ya chini kabisa ya chama. Yote hayo yanaafiki maana ya kitaalamu. Wapo wasemao seli mama. Hilo lina hatari. Likitumiwa juu ya maziwa ya mama, msikilizaji hatajua kama asemwa mwanamke au chembe.

La tatu, nalo ndilo gumu kuliko yote, ni mishipa ya fahamu. Mshipa kwa Mswahili waweza kuwa njia ya damu, waweza kuwa neva, na waweza kuwa ugonjwa wa kuvimba pumbu. Kuongeza fahamu hupunguza utata wa mshipa na kuzua mwingine, kwa kuwa fahamu ni kuelewa, na ni kuwa na akili zako. Mama akiambiwa kuwa maziwa yake yameotesha mishipa ya fahamu, ana haki ya kuelewa kuwa ameombwa akili, au kwamba mtoto wa mwingine atapata akili kutoka kwake. Hapo neno neva, lililosanifishwa kwa umbo la Kiswahili, lina faida hasa kwa sababu halibebi ahadi.

La nne ni kitenzi. Waandishi huchanganya kukuza, kuzalisha, kulea na kuotesha. Vitenzi hivi si sawa. Hukuzwa na kulelewa mtoto. Huzaliwa mwana au mnyama. Huoteshwa mbegu, mahali palipotayarishwa na mtu, kwa maji aliyoyachagua mtu. Kuotesha ndicho kitenzi kinachosema ukweli wa maabara. Mwenye kusikia kwamba seli zimeoteshwa katika sahani hatadhani zimekua kichwani mwa mtoto. Tofauti hii moja, kati ya sahani na kichwa, ndiyo iliyowapotosha wasomaji wengi katika nchi zenye lugha kubwa, na Kiswahili kina uwezo wa kuihifadhi kwa kitenzi kimoja tu.

Benki ya Pumwani na swali la mwenyewe

Suala hili limekwisha kuacha kuwa la nadharia. Mwezi Machi 2019 benki ya kwanza ya maziwa ya mama nchini Kenya ilizinduliwa katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwa ushirikiano wa serikali, shirika la PATH na Kituo cha Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya cha Afrika. Maziwa hutolewa na akina mama walio na ziada, hupimwa, hutiwa joto, na kupewa watoto njiti na wagonjwa ambao mama zao hawawezi kunyonyesha. Wakazi wa Nairobi walipoulizwa kabla yake, wengi walilikubali wazo hilo, ila walitaja hofu ya maradhi. Lugha ya hatari ilikuwa bado ikisema.

Njia ya kawaida katika benki za namna hii ni kuyatia maziwa joto la nyuzi 62.5 za Selsiasi kwa dakika 30. Virusi hufa, seli nazo hufa. Kwa hiyo maziwa ya benki ni chakula bora na dawa ya kinga kwa kiasi, lakini si maziwa hai. Anayemwambia mama kuwa maziwa atakayoyatoa benki yatapeleka seli za neva kwa mtoto mgonjwa, hamwambii kweli. Kwa upande mwingine, mtafiti anayeyataka mabichi kwa ajili ya seli anaomba kitu tofauti na benki, na haifai aombe kwa jina lile lile la kuchangia maziwa.

Neno benki lenyewe lina historia yake. Mwenye kuweka fedha benki hubaki mwenyewe, na aweza kuzidai. Mwenye kutoa maziwa hayadai tena, wala hajui yamekwenda kwa nani, kwa kuwa aghalabu huchanganywa na ya wengine. Kwa Mwislamu wa pwani hapo ndipo penye tatizo. Baraza la kimataifa la Fiqhi, lililokutana Jeddah mwezi Desemba 1985, lilikataza benki hizi kwa sababu ya kuchanganyika kwa undugu wa kunyonya. Wanazuoni wengine baadaye wakaruhusu, wakisema maziwa ya chupa yaliyochanganywa na kutojulikana mwenyewe hayafanyi undugu. Sayansi ya seli haikuwapo katika majadiliano ya 1985, na si haki kusema kwamba leo imeithibitisha sheria au imeitengua. Undugu wa kunyonya ni hukumu, na seli ni chembe. Kinachoziunganisha ni swali moja: ni nani mwenye maziwa baada ya kutoka titini?

Hitimisho

Historia iliyoelezwa yaonyesha kuwa maarifa mapya hayakuzifuta lugha za zamani. Mama wa leo anayesimama mbele ya mwuguzi huko Emali anazo zote kichwani: kwamba maziwa hufanya undugu, kwamba ni chakula, kwamba yaweza kuleta maradhi, na sasa kwamba yana kitu ambacho wataalamu wanakitafuta. Anayemwomba maziwa bila kumweleza ni ipi kati ya hizo anayoizungumzia, anapata saini yake bila kupata idhini yake.

Akina mama wa Kiga walikuwa na jina la ugonjwa, nalo likawafundisha madaktari. Wanawake wa Machakos na Nairobi walitoa watoto wao wapimwe na maziwa yao yahesabiwe, na maarifa yaliyopatikana yaliandikwa kwa lugha ambazo wengi wao hawakuzisoma. Deni hilo laweza kulipwa na idara za lugha kwa namna yao: kusanifisha maneno machache, chembe hai, shina, neva na kuotesha, kuyapima kwa wasemaji wa kawaida kabla ya kuyatia katika kamusi, na kuyapeleka katika Kikamba na Kimaasai kwa msaada wa wasemaji wenyewe. Kazi hiyo ni ndogo kuliko ya maabara, lakini yafaa itangulie. Karatasi ya idhini ikifika Emali kabla ya maneno yake, mama atatia sahihi juu ya jambo ambalo hajaambiwa.